Pipa Lililomwagwa

Mama Valeria alikuwa hajagusa uji. Bakuli lilikaa sakafuni mwa mahabusu tangu alfajiri, uji umefanya ngozi juu, na yeye amekaa kando yake amenyoosha miguu, kanga imefungwa vizuri kiunoni, kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati. Ilikuwa Ijumaa, siku ya tano tangu Inspekta Vedastus amweke humo.

"Shikamoo mama," alisema Vedastus. Huyu alikuwa mtuhumiwa wake wa mauaji ya watu watatu, lakini alikuwa na umri wa kumzaa, na kwao Kagera nako watu hufundishwa adabu.

"Marahaba. Umekuja kuniuliza lile lile?"

"Lile lile."

"Na mimi nakujibu lile lile. Mbege ile nilipika mimi. Ndizi za kwangu, ulezi wa kwangu, gome la msesewe nimelikwangua kwa mkono wangu. Na ile ndoo ya wale wanaume wanne, kabla sijaitua mezani, nilichota kata nikanywa mbele yao. Kwetu humpi mtu kata hujaionja. Sasa kama nilitia sumu, mimi niko hapa nafanya nini?"

Watu wa Marangu, kulikofanyika sherehe, walikuwa na jibu la swali hilo. Walisema mama huyo alitangulia kunywa dawa ya kinga nyumbani kwake, ndipo akaja kuonja kwa madaha. Walisema pia kwamba yeye na Denis, mwenye sherehe, waligombea maji ya mfereji mwaka mzima, na kwamba kumpa kazi ya kupika mbege ya kipaimara cha mtoto, eti wamesameheana, ulikuwa ujinga wa Denis mwenyewe. Watu mia walikunywa kutoka pipa la mbege ile Jumamosi na kurudi makwao salama. Wanne walioketi nyuma ya nyumba, wakaletewa ndoo yao peke yao na Valeria, ndio waliopatwa na balaa. Denis na rafiki yake Thadeus walikufa Jumatatu kabla ya jua kupanda. Efraimu alikufa Alhamisi. Wa nne, Fabian, alitoweka.

Kwa karatasi, kesi ilikuwa imekamilika. Mkuu wake alitaka faili liende mahakamani Jumatatu, shitaka la mauaji, lisilo na dhamana na ambalo mwisho wake ni kamba. Kilichomsumbua Vedastus ni maneno ya wale waliokufa. Denis alisema theluji imeingia chumbani. Thadeus, nyumba ya pili, ambaye hakuwa amesikia maneno ya Denis, alimwambia mkewe afunge mlango kwa sababu theluji ya Kibo inashuka. Na juzi Efraimu naye aliuliza ni nani aliyefunika migomba yote kwa shuka jeupe. Wazee walisema mlima umekuja kuchukua watu wake. Vedastus hakuamini mambo hayo, ila tangu Jumatatu alikuwa hapendi kuangalia kule juu mawingu yakifunguka.

"Mtafute Fabian," alisema Mama Valeria. "Yule ana ndugu yake Kwa Sadala."

* * *

Ilikuwa siku ya soko Kwa Sadala, na ilibidi Land Rover ya polisi isukume watu taratibu kati ya mafungu ya ndizi na marobota ya mitumba. Nyumba ya Elifuraha, dada yake Fabian, ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Alipowaona alijifuta mikono kwenye aproni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Yupo," alisema kabla hajaulizwa. "Lakini haoni vizuri, afande. Msimkimbize."

Fabian alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya ukuta, mtu wa miaka hamsini mwenye shavu lililobonyea, kata ya mbege imetulia mapajani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alikuwa amelewa, amevaa miwani ya mbao tangu alfajiri, kama si tangu wiki iliyopita. Aligeuza uso kufuata mlio wa viatu, na macho yakaja baadaye.

"Hii ni nini?" Vedastus alimnyooshea daftari lake jekundu.

"Kitu. Katikati pana ukungu. Pembeni naona." Alikunywa, akafuta mdomo. "Umekuja kunifunga?"

"Ulikimbia kwa nini?"

"Nilikuona Jumatatu unashuka garini. Nani hakimbii polisi?"

"Mtu asiye na kosa hakimbii."

"Wewe si wa huku," alisema Fabian kwa upole.

Sajenti Crispin, aliyekuwa wa huku, aliangalia pembeni ili asicheke. Vedastus alichuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na wa yule mtu.

"Mama Valeria atanyongwa, Fabian. Yule mama aliyekuletea kata nusu ya maisha yako. Wenzako watatu wamekufa kwa ndoo ileile uliyoinywa wewe, na wewe uko hapa unaendelea kunywa. Unataka nimwambie nini hakimu?"

Mashine ya kusaga ilizimwa, na ule ukimya ulioingia ulimfanya Fabian ashtuke.

"Ndoo haikuwa na kosa," alisema mwishowe. "Chini ya meza kulikuwa na kidumu."

"Cha nini?"

"Unajua cha nini."

"Nataka unitajie."

"Gongo. Basili alikuja nacho kutoka Njoro, kijana wa shangazi yake Denis. Akasema zawadi ya wakubwa. Tulimimina kwenye glasi za soda watoto wasione. Gongo ni miezi mingapi jela, afande? Wale wajane wote wanajua kulikuwa na kidumu. Nani aseme, mumewe amelala maiti, aanze kuitwa mke wa mhalifu?"

"Ilikuwa na ladha gani?"

Fabian alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayejua kazi yake. "Ilikuwa tamu kidogo. Na ilinukia kama kabati jipya."

Vedastus alisimama. Basili, alivyokumbuka kutoka orodha ya wageni wa sherehe, alikuwa fundi samani. Alimtuma Sajenti Crispin kwa pikipiki ya kituo kidogo cha pale, aende Njoro moja kwa moja na kugeuza karakana nzima. Yeye mwenyewe alimtia Fabian garini. Elifuraha alikuja mbio na kidumu cha mbege, Vedastus akakizuia kwa kiganja.

"Basi sasa, dada. Mtu wa kutoa maelezo anatakiwa awe na akili zake."

* * *

Daktari Eliona ndiye aliyempokea Efraimu wodini Jumatano jioni na ndiye aliyesimama pale maiti ilipopasuliwa. Vedastus alimkuta ofisini saa nane mchana, baada ya kuandika maelezo ya Fabian kituoni, akamsimulia habari ya kidumu na ile harufu ya kabati. Daktari aliweka kalamu chini.

"Spiriti ya kiwandani," alisema. "Ile ya kuyeyushia vanishi. Mlituletea mgonjwa mkasema mbege ya sumu. Sisi tukatafuta dawa ya kahawa, ile ya kupulizia mibuni. Tulimwosha tumbo. Hakuna aliyetaja gongo, hata mkewe." Alisugua macho. "Nilipaswa kuuliza mara ya pili. Sikuuliza."

"Nieleze kama mtu wa darasa la saba."

"Pombe yoyote ikiingia mwilini ni mgeni asiyetakiwa. Ini ndilo linaloshughulika nayo. Lina vimeng'enya, wafanyakazi wake, wanaoivunja kidogo kidogo, kama chupa moja ya bia kwa saa, hawajali umekunywa ngapi. Pombe ya mbege wanaivunja inakuwa kitu kikali, ndicho kinachokuumiza kichwa asubuhi. Wanakivunja hicho, inakuwa siki. Siki inaishia maji na hewa unayoitoa puani. Kwisha kazi."

"Na spiriti?"

"Wafanyakazi ni walewale. Wakiivunja inakuwa formalini."

"Ile ya chumba cha maiti?"

"Ileile. Halafu formalini inakuwa asidi, ileile waliyo nayo sisimizi wengine wakikuuma. Hiyo inakwenda kwenye mishipa ya macho kwanza. Mgonjwa anaona weupe, wengine huita ukungu, wengine theluji. Kisha damu inachachuka, pumzi zinakwenda mbio, basi." Alimtazama. "Elewa jambo moja, Inspekta. Spiriti yenyewe, kabla ya kuvunjwa, ni ulevi tu. Kilichowaua wale ni maini yao, yakifanya kazi yake vizuri."

Nje dirishani wauguzi walikuwa wakianika mashuka. Vedastus aligeuza kiti chake asiutazame ule weupe.

"Fabian alikunywa glasi sawa na wenzake. Kwa nini yeye yu hai?"

"Tangu Jumamosi amekunywa nini kingine?"

"Mbege. Jumamosi usiku kucha, Jumapili, mpaka leo asubuhi. Mwanzo kwa sherehe, kisha kwa woga, anasema."

Daktari aliinuka. "Amekunywa mara ya mwisho saa ngapi?"

"Saa tatu. Nilimzuia mimi. Yuko garini."

"Mlete ndani. Sasa hivi."

Walimlaza Fabian, wakampima damu na macho, na baada ya muda Daktari Eliona alirudi na kikombe cha pombe kali aliyoichanganya na maji ya machungwa kwa kipimo cha bomba la sindano, akamshikia anywe. Fabian alionja, akauliza kama ni lazima kuwe na machungwa.

"Vimeng'enya vinaipenda pombe ya kawaida kuliko spiriti, mara kumi na zaidi," daktari alieleza walipokuwa wakitoka wodini. "Zikifika zote mbili, wanaishika ya kawaida, spiriti wanaiacha inasubiri. Ikisubiri inatoka yenyewe polepole, kwa pumzi na kwa mkojo, bila kugeuka sumu. Siku zote hizi mbege imemlinda yule bwana. Nadhani nyingi imeshatoka, ila sitabahatisha. Ungemzuia kunywa Jumanne, ungeniletea maiti."

Vedastus alibaki ukumbini, akafungua daftari. Alifanya alichofundishwa kufanya: majina upande mmoja, saa upande wa pili. Denis, kata ya mwisho Jumamosi jioni, kwa kuwa Jumapili alikuwa na misa ya shukrani. Akaugua Jumapili mchana. Thadeus vivyo hivyo. Fabian hakuacha. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mambo yalikaa kwenye mstari, na alihisi ile furaha ndogo ya kazi, ambayo baadaye aliionea aibu.

Kisha akafika kwa Efraimu. Efraimu alibaki kusafisha masalio ya sherehe, akanywa Jumapili nzima, na Jumatatu asubuhi akanywa tena. Alikuwa mzima kabisa Jumatatu. Vedastus alijua hivyo kwa sababu alimwona. Ndiye aliyejitolea kusaidia polisi kuinamisha pipa.

Aliliona tena lile pipa, robo tatu tupu, na povu likikimbia kati ya mashina ya migomba. Alimwona Efraimu amekunja mikono ya shati, akisema kwa utani kwamba kumwaga mali kama hii ni dhambi ambayo hata padri hawezi kuiondoa. Na alijisikia mwenyewe, kwa sauti ya kiofisa, akitangaza mbele ya nyumba zote: kuanzia sasa, mtu yeyote aliyekuwa kwenye sherehe hii asiguse mbege, atakayempa mwenzake nitamkamata. Alitoa amri hiyo kuokoa watu. Efraimu aliitikia, "Sawa afande." Jumanne mchana alianza kupoteza macho.

Sajenti Crispin alifika saa kumi. Njoro, kwenye karakana, kulikuwa na pipa la spiriti lenye mpira wa kunyonyea, na nyuma yake madumu saba ya gongo. Basili alisema gongo ni la kwake, kosa lake analikubali. Spiriti ni ya vanishi. Na kwamba Jumamosi alipeleka soda Marangu, na anayesema kidumu ni mlevi anayetafuta pa kuponea.

"Fabian peke yake hatoshi," alisema Crispin. "Mkuu atamcheka. Tunahitaji mtu mzima, asiyekunywa, aliyekiona kidumu mezani."

"Yupo," alisema Vedastus. "Mke wa Efraimu ndiye aliyekuwa akiosha glasi."

* * *

Jumamosi asubuhi walikuwa wanachimba kaburi la Efraimu. Mwili ulikuwa haujapanda kutoka mjini, na wanaume sita walipokezana sururu pembeni mwa kihamba, lile shamba linalozunguka nyumba, katikati ya mibuni, bila kuongea. Hakukuwa na pombe yoyote msibani. Hilo pekee lilimfanya Vedastus ajisikie anatazamwa, maana hata yeye mgeni alijua kwamba kaburi la Marangu halichimbwi kwa maji matupu. Watu walikuwa wanatii amri yake.

Justina, mjane wa Efraimu, alikuwa ndani, amezungukwa na wanawake. Aliwatoa kwa ishara ya kichwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, na alimtazama Vedastus kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyechelewa.

"Pole, mwalimu."

"Nimeshapoa. Mmempeleka yule mama mahakamani?"

"Bado. Nimekuja kwa sababu yake. Jumamosi ile, chini ya meza ya wanaume, kulikuwa na kidumu?"

Nje sururu iligonga jiwe, ikagonga tena.

"Hakuna atakayekushitaki," alisema Vedastus. "Kidumu kilikuwa na spiriti ya vanishi. Ndicho kilichowaua. Mama Valeria hana hatia, ila bila neno lako Jumatatu atasomewa mauaji."

Justina alikalia kitanda polepole. "Kilikuwepo," alisema. "Cheupe, kifuniko chekundu. Alikileta Basili. Nilinusa glasi nikiziosha, nikadhani ni rangi ya meza mpya ya Denis." Alifunika mdomo, kisha akaushusha mkono. "Nimekwenda kanisani siku tatu kumwombea mabaya mama wa watu."

"Utaandikisha?"

"Nitaandikisha. Lakini nijibu kitu. Walikunywa wote siku moja, meza moja. Kwa nini wenzake walikufa Jumatatu, na wangu Alhamisi?"

Hapo Vedastus angeweza kusema lolote. Angeweza kusema mwili wa mtu na mtu. Angeweza kusema ni Mungu, na mwanamke yule angekubali, na angebaki na usingizi wake. Maelezo aliyoyataka alikuwa ameshayapata. Aliangalia shati la Efraimu kwenye msumari ukutani, mikono bado imekunjwa.

"Kwa sababu aliendelea kunywa mbege," alisema. "Mbege inaizuia ile sumu mwilini. Alipoacha ndipo ilipoanza."

Mwalimu alikuwa mwepesi wa hesabu. Vedastus aliona ikipita usoni pake, siku kwa siku.

"Jumanne aliniomba," alisema. "Alisema, Justina, nina kiu ya mbege, nichotee hata nusu kata kwa jirani, macho haya yananitisha. Nikamwambia polisi wamekataza. Usiku akaomba tena. Nilikuwa nimefunga mlango kwa ufunguo asitoke, nikauweka ufunguo kifuani. Jumatano alikuwa haombi tena, alikuwa analia. Nilimpa chai." Alimtazama. "Ningempa, angepona?"

"Pengine. Fabian yuko hai."

"Pengine."

"Daktari anasema pengine. Mimi nadhani angefika hospitali anaongea." "Lakini wewe hukumnyima. Amri ilikuwa yangu. Nilidhani najua kilichomo kwenye pipa, nikamwaga, nikakataza. Hukufanya kosa lolote zaidi ya kunisikiliza."

Hakulia. Alivuta stuli, akaiweka mbele ya Vedastus pawe pa kuandikia, akafuta vumbi juu yake kwa kiganja.

"Shika kalamu," alisema. "Kwanza kidumu, ili yule mama atoke. Kisha andika kwamba aliomba Jumanne mchana, na Jumanne usiku. Andika na maneno yake, kama alivyoyasema. Halafu andika nani alikataza, jina lote."

Vedastus aliandika kidumu, rangi ya kifuniko, Basili, harufu ya glasi. Aliandika nusu kata, na ufunguo kifuani, na chai. Mwishoni aliandika jina lake la ubatizo na la baba yake, na cheo, na akamsomea yote kwa sauti, kama sheria inavyotaka.

"Rudia hapo pa mwisho," alisema mwalimu Justina.

Akarudia.